Nyuma ya Masikio

Jogoo wa jirani hajamaliza kujigamba
nami nimekwisha nawa mara tatu:
mchanga kwanza, kisha sabuni ya mche, kisha limao,
maana grisi ya mnyororo haitoki kwa kubembelezwa,
na mama yako alishasema,
"Mikono hiyo ni ya baiskeli, siyo ya mtoto."

Kaa hapa, Kalunde, juu ya ndoo.
Inua kidevu.
Mwezi wa kumi Tabora hauna adabu.
Mawe ya Isevya yanahema moto hadi usiku,
kamba ya kisima tumeiunga mara mbili,
na jua la saa tatu asubuhi
linauma kama la saa saba.

Vidole viwili vya losheni kwa uso,
viwili kwa shingo,
mikono yote, mpaka kwenye mizizi ya kucha.
Usicheke. Najua inatekenya.
Mgongo wa mguu, pale mkanda wa ndala unapokatiza.
Halafu nyuma ya masikio.

Nyuma ya masikio narudia.
Jumamosi ile ya mwaka jana
nilikuwa na pancha sita zinanisubiri,
nikapasahau.
Jioni ukarudi umelishika sikio kwa kiganja
kama mtu aliyebeba kifaranga.
Hukulia.
Afadhali ungelia.

Nyanzala, muuguzi wa kliniki, aliniambia:
"Ngozi yake haikuja na mwavuli. Mshonee."
Shangazi yako Kabula akaishona kweli,
kofia ya turubai la lori la tumbaku,
ukingo mpana kama ungo,
na hadi leo ukitoka jasho inanuka ghala la Urambo.
Wenzako wanakuita Uyoga.
Ulinieleza hivyo ukipiga hesabu za kugawanya,
bila kuinua macho,
nami nikajifanya natafuta spoku.

Ila lile la mstarini sikulifumbia macho.
"Bendera ikipanda, kofia chini."
Nilikwenda na ovaroli langu, nikasimama mlangoni,
maneno niliyoyapanga njia nzima yakaniishia.
Nikasema tu: "Mwalimu, dakika ishirini.
Matangazo, ukaguzi wa kucha, wimbo, dua.
Dakika ishirini, kichwa wazi."
Mwalimu Sagenda alisugua chaki kwenye suruali,
hakujibu kitu.
Jumatatu darasa la nne likahamishiwa upande wa magharibi,
kwenye kivuli cha paa la ofisi,
na hakuna aliyesema ni kwa ajili ya nani.

Sasa chupa imekauka.
Tarehe ya kliniki ni wiki mbili mbele
na bei ya dukani, pale Gongoni, ni tairi mbili mpya na tyubu zake.
Basi nimeichana chupa kwa wembe
kama ninavyochana tyubu iliyochoka,
na humo ndani, mwanangu, kwenye mabega yake,
kumbe kulikuwa na siku nne nzima zimejificha.
Kesho kutwa nitauza ile Foniksi ya marehemu babu.
Usimwambie mama yako.

Jana liliibuka wingu upande wa Sikonge,
ukavua kofia ukaanza kukimbia uani.
Nikakuita. Ukanuna.
Wingu la mwezi wa kumi ni pazia la chandarua:
mbu hapiti, jua linapita.

Haya, simama. Mikono mirefu, kifungo cha juu.
"Baba, inama."
Nimechelewa, Kalunde.
"Inama."
Kidole chako, na ile chembe iliyobaki kifunikoni,
kinapita kwenye kisogo changu
mahali ambapo sijawahi kupaona.
"Hapa pamebabuka," unasema,
kwa sauti ileile ya Nyanzala.
"Na hapa. Usitikisike. Najua inatekenya."